Muziki Umelipia, Leseni Unayo, Sasa Mbona Umepigwa Kopiraiti?

Kwenye magrupu ya WhatsApp ya mashuta wa harusi na wenye chaneli za YouTube kuna lalamiko moja haliishi. Mtu kalipia muziki kwa hela yake, kakatwa dola kwenye kadi, kapewa na cheti cha leseni, kauweka kwenye video, halafu asubuhi anakuta ujumbe kwamba video yake ina madai ya hakimiliki. Anaposti skrinshoti grupuni. Dakika chache tu majibu yamejaa na kila mmoja ana lake, huyu anasema futa haraka kabla chaneli haijafungwa, yule anasema waliokuuzia muziki ni matapeli, mwingine anasema ongeza spidi kidogo hautatambulika. Na ushauri unaofuatwa sana ni ule wa kufuta, watu wanafuta video yenye watazamaji wake na komenti zake, video ambayo haikuwa na kosa lolote.

Hilo linaniuma kweli, kwa sababu mwenye leseni halali mara nyingi haki yote iko upande wake, anachokosa ni kuelewa tu huo ujumbe umetoka wapi na unataka nini. Nitaongelea zaidi YouTube maana ndiko kesi nyingi ziliko na ndiko utaratibu wake umeandikwa wazi.

Tuanze na maneno manne, maana watu wanayachanganya na hapo ndipo hofu inapoanzia. Hakimiliki ni haki ya aliyetengeneza kazi kuamua nani aitumie na kwa namna gani. Leseni ni ruhusa, haikufanyi wewe kuwa mwenye wimbo, inakuruhusu kuutumia kwa masharti yaliyoandikwa pale na siyo zaidi ya hapo. Klemu ni madai, yaani mfumo umekuta kwenye video yako sauti inayofanana na sauti ambayo mtu kaisajili kuwa ni yake. Mwenye klemu anakuwa ameshachagua mapema kitu gani kitokee: matangazo yaende kwenye video na hela aichukue yeye, au video ifungwe kwenye nchi fulani au zote, au aiangalie tu inavyotazamwa. Straiki ni adhabu, na hiyo inakuja pale mwenye kazi anapopeleka ombi rasmi la kisheria kwamba video iondolewe. Straiki 3 ndani ya siku 90 zinaweza kuondoa chaneli nzima. Klemu peke yake kwa kawaida haifanyi hivyo, unaweza kuwa na klemu hata 20 na chaneli ikaendelea kuwepo. Kwa hiyo anayekwambia "umepigwa kopiraiti" muulize kwanza, klemu au straiki? Ni vitu viwili tofauti kabisa na dawa zake ni tofauti.

Sasa hiyo klemu anaileta nani? Asilimia kubwa hakuna binadamu aliyekaa akaangalia video yako. YouTube wana mfumo unaitwa Content ID, upo tangu 2007. Mwenye muziki au msambazaji wake, yaani kampuni inayompelekea nyimbo zake mitandaoni, anapeleka nakala ya wimbo, mfumo unatengeneza alama ya sauti ya ule wimbo, halafu kila video inayopandishwa duniani inalinganishwa na alama hizo. Ikifanana, klemu inatoka yenyewe. Kwenye ripoti ya YouTube ya nusu ya kwanza ya 2021 walihesabu klemu zaidi ya milioni 722 ndani ya miezi 6 tu, na zaidi ya asilimia 99 zilitoka kwa mashine.

Ichukulie hivi. Mjomba wako kakuazima gari, unatoka nalo getini, mlinzi analifahamu lile gari vizuri sana, namba zake na rangi yake, lakini hakuambiwa kwamba wewe umeazimwa. Anakusimamisha na kumpigia mjomba. Hajakuita mwizi, yeye kazi yake ni kulitambua gari, habari ya kuazimwa ipo kwenye simu yako na kwa mjomba. Content ID ni yule mlinzi. Inatambua sauti, lakini cheti chako cha leseni kiko kwenye imeili yako na mfumo hauna jicho la kuingia huko kukisoma. Na ukiona mlinzi kakusimamisha ukalitelekeza gari ukakimbia, ndivyo wanavyofanya wanaofuta video.

Kabla hatujaenda kwenye namna ya kujibu kuna jambo moja lazima likae sawa, maana wapo wanaodhani wana leseni kumbe wana leseni ya kitu kingine. Wimbo mmoja una haki mbili. Kuna utunzi, yaani mashairi na melodi, na kuna rekodi, ile sauti yenyewe iliyotoka studio. Wenyewe wanaweza kuwa watu tofauti, na ukitaka kuweka wimbo kwenye video unahitaji ruhusa ya pande zote mbili, tena ruhusa ya kuunganisha muziki na picha. Hiyo siyo ile leseni anayolipia mwenye baa au ukumbi ili apige muziki wateja wasikie.

Kenya hili lilijitokeza hadharani Mei 2022, pale kundi la muziki la Sauti Sol lilipolalamika kwamba kampeni ya muungano wa kisiasa wa Azimio la Umoja imetumia wimbo wao kwenye video ya mitandaoni bila ruhusa yao. Mjadala ukawa mkubwa, watu wanauliza kama leseni za vyama vya kukusanya mirabaha, yaani malipo ya wasanii kazi zao zinapotumika, si zinatosha, ikabidi KECOBO, ambao ndio ofisi ya hakimiliki ya Kenya, watoe ufafanuzi kwamba leseni ya kupiga muziki hadharani ni kitu kimoja na ruhusa ya kuuweka muziki kwenye video ni kitu kingine. Kama timu ya kampeni kubwa ya urais ilijikuta kwenye mzozo wa namna hiyo, shuta wa Mbagala au Kisumu ana sababu zote za kuchanganyikiwa. Na kununua wimbo kwenye app za muziki au kulipia kifurushi cha mwezi hakukupi hata hiyo leseni ya baa, umenunua ruhusa ya kusikiliza basi.

Haya, tuseme leseni yako ni ya kweli na inahusu video. Klemu inatoka wapi tena? Sababu ziko kadhaa na kila moja ina mlango wake wa kutokea.

Ya kwanza ni kwamba mtunzi mwenyewe kausajili wimbo Content ID makusudi ili kuwanasa wanaoutumia bila kulipa. Maktaba nyingi za kuuza muziki zinafanya kazi hivi. Zile za usajili wa mwezi au mwaka, kama Epidemic Sound au Artlist, zina sehemu kwenye akaunti yako ya kuunganisha chaneli yako ili klemu zisije au ziondolewe zikija. Watu wanalipia halafu hiyo hatua wanairuka, wanadhani malipo yanatosha. Zile za kununua wimbo mmoja mmoja zinakupa cheti chenye namba ya leseni, na klemu ikija ndiyo namba unayoitumia kuiondoa.

Ya pili inawakuta mashuta wa harusi kila siku. Shuta kaunganisha chaneli yake, kaediti video vizuri, kawapa maharusi, maharusi wanaipandisha kwenye chaneli yao wenyewe. Chaneli yao haijulikani popote. Klemu. Maharusi wanampigia shuta simu kwa hasira, shuta anaapa kalipia, na wote wanasema kweli. Hapa cha kwanza ni kusoma leseni kama inaruhusu kazi za wateja, maana kuna vifurushi vya bei ya chini vinavyoruhusu chaneli yako binafsi tu na kazi ya mteja inataka kifurushi kingine. Kama inaruhusu, ongeza chaneli ya mteja kwenye akaunti yako au mpe mteja nakala ya cheti ajibu mwenyewe, na hili mlizungumze siku mnapoandikiana mkataba, msisubiri baada ya ugomvi.

Ya tatu ni biti, na hapa ndipo pana fujo kuliko kote. Prodyuza anauza biti kwa kulease, yaani biti moja anawauzia watu 50 kila mmoja kwa hela ndogo. Mmoja wao anaimba juu yake, anapeleka wimbo kwa msambazaji wa mtandaoni, na kwenye fomu anaweka tiki kwenye kiboksi cha Content ID bila kusoma. Tangu siku hiyo mashine inaamini ile biti ni ya huyo mmoja. Wengine 49 wanaanza kupokea klemu, na wakati mwingine hata prodyuza mwenyewe anaklemiwa biti aliyoitengeneza kwa mikono yake! Masharti ya YouTube yanataka unachosajili Content ID kiwe chako peke yako, kwa hiyo biti ya kulease au lupu, yaani vile vipande vya sauti vya kujirudia vya kwenye programu ambavyo kila mtu anavyo, hazitakiwi kusajiliwa kabisa. Msanii unayesoma hapa, kama biti hujanunua haki zote, usiweke ile tiki, unawaumiza wenzako bila kujua. Na wewe uliyeklemiwa, mtafute prodyuza, yeye ndiye mwenye nguvu ya kumwandikia msambazaji.

Kuna na ile ya rafiki msanii. Anakwambia "tumia tu ndugu yangu, wimbo wangu huo," na anamaanisha kwa moyo wake wote, ila wimbo uko kwa msambazaji na mfumo hausikii maneno ya mdomoni. Mwombe akuandikie hata imeili ya mistari miwili kwamba anakuruhusu, halafu amwambie msambazaji wake aitoe klemu au aiweke chaneli yako kwenye orodha ya walioruhusiwa. Msanii mwenyewe naye anaweza kuklemiwa wimbo wake kwenye chaneli yake, hasa akihama kutoka msambazaji mmoja kwenda mwingine na yule wa zamani hajaufuta usajili wake.

Kwaya nazo zisisahaulike. Tenzi nyingi za zamani utunzi wake hauna mwenyewe tena, sheria ya Tanzania na ya Kenya zote zinalinda kazi ya mtunzi kwa maisha yake na miaka 50 baada ya kufariki kwake. Lakini rekodi iliyofanywa juzi ya tenzi hiyo hiyo ina mwenyewe, na mpangilio mpya wa sauti nao unaweza kuwa na mwenyewe. Mashine inaweza kusikia kwaya yenu ya parokiani ikadhani ni rekodi ya kwaya nyingine. Hapo mnapinga mkieleza kwamba utunzi ni wa zamani usiolindwa na rekodi ni yenu wenyewe.

Sasa zile imani za mtaani. Ile ya kwamba ukitumia sekunde 7 au 30 huna kosa, hakuna kitu kama hicho kwenye sheria, sekunde chache nazo zinaweza kuklemiwa. Kuandika chini ya video "sina haki ya wimbo huu, haki zote ni za wenyewe" hakukupi ruhusa yoyote, umekiri tu kwamba unajua siyo wako. Kubadilisha spidi au kuifanya sauti ya wimbo iwe nyembamba kunaweza kuipoteza mashine leo na kesho ikakushika, na kama una leseni halali kwa nini uuharibu muziki uliolipia? Kichwa cha video kilichoandikwa "No Copyright Music" siyo leseni, aliyeandika anaweza kuwa hahusiani na muziki huo hata kidogo, na hata akiwa mwenyewe anaweza kubadilisha masharti baadaye, ndiyo maana siku unapakua piga skrinshoti ya masharti ikionyesha tarehe. Hata maktaba ya sauti ya YouTube yenyewe ina nyimbo ambazo masharti yake yanakutaka umtaje mtunzi kwenye maelezo ya video. Usipomtaja umevunja leseni.

Imani moja inadhuru kuliko zote, kwamba ukipinga klemu YouTube wanakufungia. Siyo kweli, kupinga ni haki yako na kitufe kimewekwa kwa ajili hiyo. Kwenye ile ripoti ya 2021 klemu zilizopingwa hazikufika hata asilimia 1, lakini katika hizo zilizopingwa karibu asilimia 60 ziliisha kwa ushindi wa aliyepandisha video. Angalia hiyo tofauti. Watu wengi hawajaribu, na wanaojaribu zaidi ya nusu wanashinda. Kinachoweza kukuletea matatizo ni kupinga kwa uongo, kusema una leseni wakati huna, halafu ukang'ang'ania mpaka mwisho.

Klemu ikifika usiguse video. Ingia YouTube Studio, ule ukurasa wa kusimamia chaneli yako, fungua maelezo ya klemu, soma jina la wimbo, jina la aliyedai, ni kuanzia dakika ipi mpaka ipi, na imeathiri nini. Usishtuke jina la mdai likiwa geni, maktaba na watunzi wengi wanatumia kampuni nyingine kusimamia Content ID. Halafu kabla ya kubonyeza kupinga, nenda kule uliponunua leseni, wengi wana ukurasa wa kuondoa klemu, unaweka linki ya video na namba ya leseni na wao wanaitoa. Njia hii ndiyo yenye usumbufu mdogo, jaribu hiyo kwanza.

Isipowezekana, pinga. Utaulizwa sababu, chagua leseni, kisha andika maelezo mafupi yaliyokamilika: jina la wimbo na mtunzi, umepata wapi leseni, namba yake, tarehe, jina la akaunti iliyonunua, na chaneli inayohusika. Mdai mara nyingi yuko Ulaya au Marekani kwa hiyo Kiingereza rahisi kinasaidia. Usitukane, usieleze shida za maisha, na usiweke namba ya kadi yako wala kitambulisho, maana anayesoma maelezo yale ni mdai mwenyewe.

Kwenye hela kuna saa inahesabu na wengi hawaijui. Kama chaneli yako inalipwa matangazo na umepinga ndani ya siku 5 tangu klemu iingie, mapato yanashikiliwa kuanzia siku ya kwanza ya klemu na yanaenda kwa atakayeshinda. Ukichelewa zaidi ya siku 5, yanaanza kushikiliwa kuanzia siku uliyopinga, ya kabla ya hapo yameshaenda. Kwa video mpya siku za mwanzo ndizo zenye watazamaji, kwa hiyo usikae wiki nzima ukiuliza grupuni.

Ukishapinga, mdai ana siku 30 za kujibu. Akinyamaza klemu inaisha yenyewe. Anaweza kuiachia, au kushikilia kwamba ni yake, na hapo wewe unaruhusiwa kukata rufaa ambapo anabaki na siku 7 tu. Kwenye rufaa ndipo mambo yanakuwa mazito, kwa sababu kama hakubaliani na wewe kinachobaki kwake ni kuomba video iondolewe kisheria, na hiyo inaweza kuleta straiki. Usiende rufaa kwa hasira. Nenda ukiwa umesoma leseni yako neno kwa neno na una uhakika. Kama straiki ikija na bado haki iko kwako, kuna hati rasmi ya kujibu ambayo inataka jina lako halisi na anwani, na vitapelekwa kwa mdai. Baada ya hapo ana siku 10 za kazi kuonyesha kwamba kafungua kesi mahakamani, asipoonyesha video inarudishwa. Utaratibu huu unatokana na sheria ya Marekani ya 1998, ndiyo maana unamkuta hata mtu aliyeko Mwanza au Mombasa.

Na ikitokea umesoma leseni ukagundua kweli haikuhusu, labda usajili ulikuwa umeshaisha siku ulipoposti, au leseni ni ya YouTube na wewe umeweka kwenye tangazo la biashara TikTok, basi usipinge. YouTube Studio ina sehemu ya kukata kipande, kuunyamazisha wimbo au kuubadilisha kwa mwingine wa kwenye maktaba yao, na video inabaki na linki ile ile na watazamaji wake. Kwenye usajili wa mwezi, kampuni nyingi zinazilinda video ulizoposti wakati ukilipia hata ukiacha kulipa baadaye, mpya ndizo hazina ulinzi, ila hili hakikisha kwenye masharti ya kampuni yako.

Kazi ya mteja ipandishe kwanza ikiwa ya faragha na uiache imalize ukaguzi, Studio inaonyesha kama kuna klemu kabla hujaiweka wazi, ukaitatue mteja akiwa bado hajaona chochote. Hata ikipita safi, kumbuka nyimbo zinaendelea kusajiliwa kila siku na video za zamani nazo zinalinganishwa, klemu inaweza kuja baada ya miezi 8 wakati umeshasahau ulinunua wapi. Kwa kila video weka folda moja yenye cheti, risiti, skrinshoti ya masharti na imeili ya ruhusa, na isifutwe hata kama simu imejaa.